Jino Katika Chekeche la Ufuta

Naipingo, Nachingwea.

Mwanangu Zaituni,

Mimi baba yako, Hasani Issa Mnembwe, nina miaka sabini na saba kwa kitambulisho, na kwa hesabu ya marehemu bibi yako ni themanini kasoro moja. Chagua unayoitaka. Mradi wa karanga wa Wazungu ulikufa mimi nikiwa bado nabebwa mgongoni. Nimepita njaa ya kula ming'oko, mizizi ya porini, nimepita kuhamishwa kijiji, nimepita simba waliokuwa wakichukua watu mashambani, na ubwiri unga uliokausha mikorosho ya watu wote hapa isipokuwa yangu. Nimezika wake wawili, wa pili akiwa mama yako. Nimezika wadogo zangu wote pia, isipokuwa shangazi yako Somoe, ambaye sasa hivi ninavyoandika amekaa juu ya begi lako hapa barazani, na anasema haondoki juu yake mpaka basi lipite.

Barua hii naandika mwenyewe, usidhani nimeandikiwa. Kusoma nilijifunza ukubwani, darasa la jioni, na mwalimu alisema hajaona mtu mzima mwenye kichwa kama changu. Mwandiko ndio haukunyooka, na mkono sasa unachoka upesi. Vumilia.

Umekwenda Nanganga kumuaga mjomba wako. Nataka nimalize kabla sijasikia pikipiki inakurudisha, kwa sababu ukiwa mbele yangu nitakuwa mkali tena, najijua. Tangu ufuta ulipoanikwa mpaka leo korosho zinaanguka, mimi na wewe tunazungumza kwa shida. Kila asubuhi unaniamkia shikamoo, kisha unasema, "Baba, naomba radhi yako." Nami najibu, "Sina." Halafu unachukua ndoo unakwenda kisimani kama mtu aliyeambiwa duka halina chumvi, arudi kesho.

Kwa mila yetu wewe ni wa wajomba zako, na mjomba wako alikwishakubali kabla hata hujamaliza kumweleza. Nauli ametoa yeye, chuo anakijua yeye. Kitu pekee alichobakishiwa baba ni radhi. Nikaishika hiyo, nikaikalia, kama Somoe alivyokalia begi.

Sitakuandikia ule nini wala ulale wapi. Umelelewa, unajua. Nataka ujue kwa nini nilikunyima.

Shangazi yako ana sababu yake, ameisema toka Nkowe mpaka hapa, hata mwenye bodaboda aliyemleta anaijua kwa moyo. "Watoto wa wenzetu wanasomea uuguzi. Huyu anakwenda kaskazini kwenye makorongo kufukua watu waliokwisha kulala." Mbele za watu nilimwitikia. Lakini sababu yangu si hiyo. Yangu imeanzia kwenye udongo, na hakuna mtu katika kata hii aliyekuwa akijua udongo kuliko mimi. Naandika "aliyekuwa".

Udongo mimi naupima kwa kinachoota. Hayo ndiyo maarifa ya mkulima. Udongo mwekundu wa juu kule, ukiufinyanga mkononi unakubali, ufuta unafika kifuani, mkorosho unazaa bila kubembelezwa. Chini, karibu na bondeni, ni udongo mweupe wenye vijiwe vya chokaa. Ukipiga jembe linalia, na mtama ukiota unaota kwa hasira. Makaburi yetu ya zamani yaliteremka mteremko huo, juu mwekundu, chini mweupe.

Chini tulimzika yule mgeni. Ulisikia habari zake ukiwa mdogo. Alivuka Ruvuma wakati wa vita ya wenzetu wa ng'ambo, akafika hapa na homa, akafa kabla hajatuambia jina la baba yake. Mimi ndiye niliyechimba. Jembe langu jipya liliisha makali siku ile, nikasema udongo huu unafaa watu wasio na wenyewe.

Babu yako alipofariki, mtani wetu Bakari Chitanda, maana watani ndio wanaosimamia kaburi, alitaka tumlaze chini vilevile. Akasema udongo mweupe umeshikana, mvua haiubomoi. Nikamwuliza mbele ya msiba wote, "Baba yangu ni mgeni hapa?" Akasema, "Hasani, unazika mtu au unapanda ufuta?" Watu wakacheka. Nikampeleka baba juu, kwenye udongo wa daraja la kwanza, na nikajisifu kwa jambo hilo miaka yote. Ukija mgeni nyumbani nampitisha pale makusudi. Nasema, baba yangu amelala kwenye udongo ambao wengine wanautamani kwa shamba.

Kisha likaja korongo. Wewe ulikuwa kidato cha tatu. Ile njia ya baiskeli iliyopita kando ya makaburi ilianza kuchimbika kidogo, mvua ya kwanza mfereji, mvua ya pili mtaro, na masika yale makubwa likawa korongo la kumficha mtu, linapanda toka bondeni kama lina shida na sisi. Asubuhi moja Chitanda alipita kwenda shambani akaona mfupa wa unyayo wa mtu umetokeza ukutani mwa korongo. Ulikuwa wa mgeni wetu.

Sheikh Twaha akakaa na wazee, akasema hii ni dharura, maiti hawaachwi wachukuliwe na maji. Tuwahamishe wote, kwa heshima, kwenye uwanja mpya kule juu.

Tulianza na mgeni. Mwanangu, nimeona mengi, lakini yule alinishangaza. Kila kiungo kilikuwepo. Vidole vya miguu kimoja kimoja, mbavu zimelala kama ukili kwenye mkeka, meno yote, rangi yake kama kopa la muhogo. Mtu asiye na jina, tuliyemlaza pabaya, ametungoja kamili. Tukamfunga sanda mpya. Nikawaambia vijana, "Kama huyu wa chini yuko hivi, subirini mumwone mzee wangu."

Nilikataa mtu mwingine asichimbe. Nilishuka mwenyewe na umri ule, jembe langu, kifua wazi. Nikachimba mpaka kina cha kaburi, hakuna kitu. Nikapita mahali udongo ulipokuwa umeiva rangi, mweusi mweusi, umelala upande kama mtu aliyejikunja kuelekea kibla. Niliuona. Nikasema ni mizizi iliyooza, nikaukata, nikautupa nje, nikaendelea chini kutafuta mifupa, mpaka nikakuta udongo ambao haujawahi kuguswa na binadamu tangu uumbwe.

Chitanda alikuwa amesimama juu yangu, anatafuna ugoro wake.

"Hasani," akasema, "mzee wako ni mwungwana. Ameona unakuja kumhutubia tena, amehama."

Mtani akikucheka kaburini huruhusiwi kukasirika, na sikukasirika kwa mdomo. Ila Somoe aliposikia, kule walikokaa wanawake, alipiga ukelele uliofika mpaka dukani. "Kaburi la baba yangu liko wapi? Huyu mtu ametuonyesha pasipo! Miaka yote tunasoma dua juu ya kichuguu!" Wazee wakaanza kuangaliana. Ndiyo hali niliyokuwa nayo, Zaituni. Mimi niliyekuwa napitisha wageni pale. Nikabaki shimoni kwa sababu sikujua nitoke na uso gani.

Wewe ndipo ulipokuja na chekeche la ufuta la mama yako. Nani alikutuma sijui mpaka leo. Ulisimama mbali, kwa adabu, ukamwambia Sheikh, "Shikamoo Sheikh. Hereni ikipotea uwanjani tunachekecha. Naomba na huo udongo uliotolewa tuuchekeche." Kuna mzee alisema mwanamke hana kazi hapa. Sheikh akamjibu kwamba wanaume wamekwishafanya kazi yao, na matokeo yake ndiyo yale tunayoyaona shimoni. Alinitazama mimi aliposema hivyo.

Ulichekecha ukiwa umepiga magoti, taratibu, kama mtu anayeogopa kumwaga mboga. Udongo mwekundu ukashuka, kisha ule mweusi. Ukasimamisha mikono. Uliinua chekeche ukamletea Sheikh, na Sheikh akamwita Chitanda, maana Chitanda alikuwa mkubwa wetu wote pale.

Jino la mbele. Limechongwa ncha upande mmoja, kama walivyochongwa vijana wa rika la babu yako zamani. Chitanda aliligeuza kiganjani mara nyingi. Ugoro akautema.

"Issa," akasema. "Shikamoo."

Ni neno la kwanza la heshima nililowahi kumsikia mtani yule akilitamka juu ya ukoo wetu.

Tuliweka jino lile kwenye sanda pamoja na udongo mweusi kiasi ulichoweza kuutenga, tukazika. Mimi nilibaki natafutatafuta kwa vidole. Madrasa tulifundishwa kwamba ardhi hula kila kitu cha mwanadamu isipokuwa kitokono, kifupa cha mwisho wa uti wa mgongo, na kwa hicho ndipo ataumbwa tena. Sikukiona. Nikamwuliza Sheikh, akaniambia, "Aliyekihifadhi hakukuagiza wewe ukitunze, Hasani. Toka huko shimoni ukaoge."

Jambo lile mimi nililizika nikataka liishe. Wewe hukuliacha. Mgeni yuko kamili, babu amebaki jino, na wamezikwa hatua chache tu, kwa nini? Ukamsumbua mwalimu wako, ukarudi na maneno. Ukachukua mfupa wa paja la kuku ukautia kwenye maji ya mabibo yaliyochacha, mwingine ukaufukia kwenye majivu. Shangazi yako alisema mtoto ameanza uchawi. Siku ulipotoa ule wa mabibo ukaupinda kama kipande cha mpira, Somoe alikimbia akaacha kanga. Wa kwenye majivu uligonga sahani ukalia.

Ukaniambia, "Baba, udongo wetu mwekundu ni mchachu, ila ulimi wetu hauusikii. Mvua inashusha uchachu, mfupa unayeyuka, jino linachelewa kwa sababu lina ganda gumu. Ule mweupe una chokaa. Chokaa ndiyo chakula cha mfupa, kwa hiyo udongo ule hauli mfupa."

Basi udongo wangu wa kwanza ndio uliomla baba yangu. Na ule mweusi nilioukata kwa jembe, ukasema kwa sauti ndogo ukiangalia pembeni, ule ndio ulikuwa yeye. Mtu akishaliwa hubaki rangi yake. Nilikuwa nimempata, nikampita kwa sababu nilikuwa natafuta mfupa.

Nilikwenda kupulizia mikorosho salfa na haukuwa wakati wake.

Halafu mwaka huu ukaleta hii habari ya chuo. Unakwenda Dar, na toka huko watawapeleka kaskazini, kwenye makorongo yanayotoa watu wa kale kama korongo letu lilivyomtoa mgeni. Nikakuuliza, mfupa gani unaokaa miaka ambayo hata kuitaja ni shida? Ukanipeleka kwenye ukuta wa nyumba, pale upande wa jikoni udongo ulipobanduka. Mchwa walikuwa wamekula mti wote ndani, na udongo wa ukuta umebaki na umbo la mti, mpaka vifundo vyake. Ukasema, "Mtu wa kale akifunikwa upesi, kwa tope au majivu ya mlima wa moto, fisi hamfikii, hewa haimfikii. Maji yanapita polepole, yanatoa mfupa kidogo, yanaacha jiwe kidogo mahali pake. Mwisho ni jiwe lote, lakini umbo ni la yule yule."

Nikadhani nimekupata. Nikasema, "Basi hilo ni jiwe. Si mtu tena. Unakwenda kusomea mawe."

Ukasema, "Baba, nguzo za nyumba hii umezibadili zote tangu nizaliwe, moja moja. Hii si nyumba yetu?"

Mimi ni mtu ninayejulikana kwa kutoshindwa maneno, Naipingo mpaka Ruangwa. Niliangalia nguzo zile. Nilizikata mwenyewe, kila moja naikumbuka. Nikakosa jibu, na kwa kukosa jibu nikasema sikupi radhi. Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Haya ya dini, haya ya kwamba kabla ya Adamu hapakuwa na mtu, haya ya watu watasema nini, nimeyaokota baadaye njiani kuyatia nguvu maneno niliyokwisha kuyasema. Nilipomwendea Sheikh nikitumaini atanisaidia, aliniambia kuna aya ya kutembea katika ardhi na kutazama, na kwamba siku ya Adamu aijuaye ni Mungu, nami nisijitie kuwa karani wake. Nikarudi nimenuna.

Sasa nimechoka, mwanangu. Kununa ni kazi ya vijana. Nimekaa hapa na kalamu ya mjukuu na Somoe ananitazama, na nitakwambia kilichokuwa chini ya yote hayo. Mimi nilisimama kaburini kwa baba yangu, nikamwona, nikampita kwa jembe. Mimi niliyempenda. Niliogopa kwamba wewe utakwenda huko mbali, utajua vitu vikubwa vya zamani sana, na siku ukirudi nitakuwa nimebaki rangi tu, nawe utanipita. Nikaona heri nikushike hapahapa. Nilisahau kwamba katika watu wote waliokuwepo siku ile, ni wewe peke yako ambaye hukumpita.

Sina la kukufundisha juu ya kazi yenyewe. Nakuomba mawili tu, na ni kuomba. Ukiona rangi ya udongo imebadilika, simama, hata kama mwenzako ana haraka na hata kama mkubwa wako anajisifu shimoni. Na kabla ya kufungua mahali, toa salamu, kama tunavyowasalimu watu wa makaburini tunapopita. Wataalamu wenzako wakicheka, wacheke. Wale hawajasalimiwa na mtu tangu walipolala. Usimwite yeyote jiwe mbele yangu, nimekwisha kulisema hilo mimi na nikashindwa.

Kuna lingine sijawahi kukutajia. Tulipowahamisha wafu ulilia sana, hata kabla hujaijua sababu yenyewe, ukasema tusimpeleke mgeni kwenye udongo mwekundu, kwamba ataliwa na yeye. Nilikukaripia. Nilisema mgeni apewe udongo mzuri safari hii, nikaona nimefanya wema. Sasa naye anaondoka polepole kule juu, karibu na babu yako, kwa wema wangu. Lakini angalau wako pamoja, na hakuna anayemwita mgeni tena. Somoe anamwombea dua kwa jina la Ndugu.

Mimi nitazikwa palepale. Vijana nimewaambia. Najua udongo ule utanila, wewe umenifundisha, na nimekubali. Nimejisifu vya kutosha nikiwa juu yake. Nina meno manne tu, na halijachongwa hata moja, kwa hiyo ukija na chekeche siku moja hutapata kazi rahisi. Nitafute kwa rangi.

Radhi yangu unayo, Zaituni. Unayo yote, ya mguu unaotoka na ya mkono unaochimba. Nimeitoa nikiwa na akili zangu, sikulazimishwa na mjomba wako wala na machozi ya mtu. Kama kuna siku nilisema sina, nilisema uongo. Nilikuwa nayo, nimeishika.

Ukitaka kuthibitisha haya niliyoyaandika, habari za kaburi mwulize Sheikh Twaha, atakueleza bila kuongeza. Mwulize Bakari Chitanda pia. Ataanza kwa kukana, atasema Hasani hajawahi kushika jembe maisha yake, kisha atakuambia kweli. Na habari ya radhi hii, shahidi wake ni shangazi yako Somoe Issa wa Nkowe. Nimemsomea barua yote toka juu, polepole, maana mwandiko wangu hata mimi unanisumbua. Kwenye jino alijifunika uso na kanga. Pikipiki naisikia inapanda toka barabarani. Ameinuka juu ya begi.

Ni mimi baba yako,
Hasani Issa Mnembwe